Akina Thornbury Bila Televisheni

Ijumaa, 4 Machi 1988. Asubuhi mawingu mazito, upepo wa kaskazini, theluji nyepesi isiyoshika ardhi.

Lyle aliondoka Jumanne. Alibandika karatasi kwenye mlango wa friji kwa ile sumaku yenye umbo la hindi. Ameandika kwamba amekwenda Omaha kujiunga na kundi la waimbaji wanne wa makoti ya mistari, ambao walikuwa wanatafuta mtu wa besi, na kwamba nyumba hii ina dari fupi mno kwa sauti yake. Miaka kumi na tisa ya ndoa, na sikuwahi kumsikia akiimba ila bafuni. Amechukua masanduku mawili, mashine ya kunyolea ndevu, na televisheni, kwa kuwa tulipewa na mama yake. Kwenye zulia yamebaki mashimo manne mahali ilipokuwa miguu ya televisheni. Nimeyapima. Kila moja lina kina cha nusu inchi.

Leo ni siku ya mchezo wa "Jumba la Thornbury", saa mbili usiku. Mdogo wangu Darlene ni mpishi wa kiwanda cha samaki wa makopo huko Pelly Cove, Alaska, ambako mawimbi ya televisheni hayafiki, na kwa miaka mitatu nimemwandikia kila wiki yaliyotokea. Sijaruka hata sehemu moja. Ningeweza kwenda kutazama kwa jirani yangu, Opal Dietz. Lakini Opal ataniuliza televisheni yetu ina nini, na kabla ya ibada ya Jumapili mji wote wa Harlan Junction utajua, na kutoka hapa habari itamfikia Darlene.

Siku ya harusi yangu Darlene alinivuta nyuma ya keki akaniambia, "Dada, huyu atakuacha, na atakuacha kwa ajili ya upuuzi." Sina nguvu ya kumwambia kwamba alipatia yote mawili.

Nitatunga. Wiki hii tu. Nakala ya kila barua naiweka humu kitabuni, nisije nikajichanganya.

Nililala saa tisa na dakika kumi usiku.

*

Harlan Junction, Nebraska
5 Machi 1988

Mdogo wangu Darlene,

Nakusalimu sana, na nauliza hali ya goti lako kabla ya yote, maana barua iliyopita uliligusia juu juu tu. Huku kwetu baridi haijataka kuondoka. Shangazi Lucille amepata nyonga mpya na anaionyesha kanisani kwa kila anayeketi karibu naye. Kazini, kwenye ghala la nafaka, walikuja watu wa serikali kukagua mizani yangu wakaikuta haina kosa. Lyle ni mzima, kwa kadiri nijuavyo.

Sasa ya akina Thornbury. Kwa faida ya wenzako wapya: mzee Cornelius Thornbury ndiye tajiri wa magodoro. Mwanawe mkubwa, Grant, ndiye mume wa Sabrina. Mdogo wake Grant ni Blaine, yule aliyeanguka dirishani mwezi wa Novemba, akarudi baada ya Krismasi akiwa na sura ya mtu mwingine kabisa, jambo ambalo hadi leo hakuna mtu jumbani ameligusia.

Wiki hii Sabrina aliamka akakuta nusu ya kitanda ni ya baridi. Grant hayupo. Kwenye friji kuna karatasi. (Ndiyo, hata matajiri wana friji.) Sabrina akaisoma, akaikunja mara nne, akaenda kazini. Hakumwambia mtu. Mwisho.

Naona ni fupi. Kulikuwa na matangazo mengi.

Dada yako,
Verna

*

Pelly Cove, Alaska
20 Machi 1988

Dada Verna,

Salamu na heshima zako. Goti ni lile lile, linatabiri mvua kuliko redio. Ndege ya posta ilishindwa kutua siku tisa kwa sababu ya ukungu, kwa hiyo barua yako nimeisoma jana. Majira haya ya baridi tumebaki tisa tu tunaolinda kiwanda, na unajua desturi yetu: Jumamosi asubuhi, chapati za maji zikiisha, nafuta meza, navaa miwani, nasoma, na hakuna ruhusa ya kutafuna kwa sauti.

Dada, ilikuwa vurugu. Nilipofika kwenye friji, Einar, fundi wetu wa mashine za makopo, lile jitu la Kinorwe nililokwisha kukueleza, akapiga meza mpaka asali ikaruka.

"Friji? Mtu mwenye viwanda kumi na kimoja vya magodoro aage kwenye friji? Huyo ametekwa!"

"Hebu keti wewe," akasema mama Pelagia Kvasnikoff, anayeshona nyavu, ambaye kwa kawaida hasemi neno mpaka Pasaka. "Wanaume huondoka. Mimi nataka kujua amevaa viatu gani."

"Viatu vinahusu nini?"

"Akivaa buti, alipanga. Akivaa ndara, atarudi. Ulioa mara mbili na hujui hilo?"

Basi tunaomba majibu: viatu gani? Karatasi ilisemaje? Na kwa nini Sabrina hakumwambia mtu? Pelagia anasema kuna mtu aliyemwonya Sabrina zamani, ndiyo maana anaona haya. Mimi sikumbuki mtu kama huyo. Yupo?

Halafu, shemeji kulikoni? Kila barua huwa unaniandikia alivyoguna. "Lyle anasema huu ni ujinga." "Lyle anasema Sabrina ana pua kama mdomo wa birika." Safari hii hakuna hata guno moja. Msalimie, ingawa najua hatashukuru.

Mdogo wako,
Darlene

*

Ijumaa, 8 Aprili. Asubuhi manyunyu, upepo umetulia, mtama wa ndege umelowa.

Barua ya Darlene imefika. Nimeisoma nikiwa nimesimama. Kuhusu yule aliyemwonya Sabrina, sitajibu.

Jambo la Lyle ni gumu zaidi. Nilijaribu kumtungia guno na kila guno likatoka na hasira yangu mimi. Mwishowe nimemwachia aseme mambo mema, ni rahisi zaidi kuyaandika.

Nililala saa kumi kasoro dakika ishirini alfajiri.

*

Harlan Junction
9 Aprili 1988

Mdogo wangu Darlene,

Shukrani kwa barua yako, na pole kwa ukungu. Shangazi Lucille sasa anatembea bila fimbo na anakana kwamba aliwahi kuwa nayo. Kanisani kulikuwa na chakula cha pamoja, watu sita wakaleta saladi ileile ya viazi, na kila mmoja akala ya kwake.

Grant alivaa ndara. Lakini usimwambie Pelagia afurahi haraka, kwa sababu sehemu ya jana imeonyesha kwamba ndara zilikuwa za Blaine. Grant mwenyewe yumo ndani ya mgodi wa fedha uliofungwa zamani. Aliangukiwa na jiwe, amepoteza kumbukumbu, na anaamini kuwa yeye ni mchungaji wa kondoo. Kondoo hawapo. Anawaita kwa sauti nzito mno, na mwangwi unamjibu, naye anadhani ndio wao.

Sabrina, kwa kuwa kiti cha Grant ki wazi, amekikalia. Katika wiki tatu ameweka kumbukumbu zote za magodoro katika mafaili kwa herufi na kwa mwaka. Mzee Cornelius ameshangaa. Amesema, "Kumbe kiwanda hiki kilikuwa na makabati?"

Lyle anasema Sabrina ni mwanamke mwenye subira, na anaomba tafadhali uwasalimie wenzako wote.

Dada yako,
Verna

*

Jumamosi, 30 Aprili. Asubuhi jua, lakini ukungu mabondeni.

Nimemuua mzee Cornelius. Sikukusudia. Alikuwa ananizuia kumpa Sabrina kiwanda, na mashine ya kukandamiza magodoro ilikuwa pale pale karibu naye. Nililia kidogo nilipoandika maneno yake ya mwisho, kisha nikaenda kupima malori mawili ya mahindi.

Lyle wa barua ya leo alisifu supu yangu. Huyu ningeweza kuishi naye.

Nililala saa nane usiku, ambayo kwangu sasa ni mapema.

*

Pelly Cove
22 Mei 1988

Dada Verna,

Mungu akupe nguvu, nasi atupe. Kabla ya salamu naomba nikueleze ya jana, maana mikono bado ina unga kwa kukanda mikate ya watu wote.

Tumemzika mzee Cornelius Thornbury.

Nilipomaliza kusoma ile ya tarehe 30, hakuna aliyeinuka. Einar akavua kofia, na dada, mimi nina miaka minane hapa sijawahi kuona utosi wa Einar. Kumbe ana upara wa duara kama sahani. Kisha Pelagia akasema haifai mtu akae hivi hivi bila kuombewa. Nikamwambia, "Mama, huyu ni mtu wa televisheni." Akanitazama. "Kwani watu wa televisheni hawafi?"

Basi Einar akatengeneza jeneza kwa sanduku la makopo, ndani tukaweka mto, kwa sababu ya kazi yake marehemu. Pelagia akasema anaanza siku zake arobaini bila nyama. Na jioni, unajua tunavyofanya kwetu mtu akifiwa, kila mmoja huoka bakuli la chakula akampelekea mfiwa? Walikaa wakajadiliana nani mfiwa, wakaona ni mimi, kwa kuwa barua huja kwa jina langu. Watu wanane wakapanga foleni mlangoni kwangu na mabakuli manane: la tambi na jibini, la viazi na jibini, la samoni na jibini, na mengine ambayo sikuthubutu kuuliza yana nini chini ya jibini. Jiko ni langu, unga ni wangu, jibini ni langu, na mimi ndiye mpishi wao! "Pole sana, Darlene," wananiambia, wananishika bega. Nikajikuta nasema, "Ahsanteni, alikuwa mzee."

Sasa neno langu mimi. Siku ya harusi yako nilisema jambo nyuma ya keki. Nimekaa nalo miaka kumi na tisa. Naona shemeji anavyozungumza siku hizi katika barua zako, na naona wewe hukuwahi kunirudishia neno lile. Naomba radhi, dada. Sikupaswa kulisema.

Kiwanda kikifungwa mwishoni mwa Oktoba nitakuja nyumbani. Sijaja miaka minane. Ijumaa ya kwanza ya Novemba nataka tukae mbele ya televisheni, mimi, wewe na shemeji, niwaone akina Thornbury kwa macho yangu.

Mdogo wako,
Darlene

*

Ijumaa, 3 Juni. Asubuhi joto, radi mbali magharibi, hakuna mvua.

Ameniomba radhi kwa kusema kweli. Sikujua karatasi inaweza kuwa nzito hivi. Niliiweka kwenye mizani ya barua kazini, ina wakia moja tu.

Anakuja Novemba. Televisheni sina, mume sina. Ningeweza kununua televisheni.

Sikulala.

*

Harlan Junction
16 Julai 1988

Mdogo wangu Darlene,

Natumaini samoni wanaingia vizuri na wafanyakazi wa msimu wamefika wote. Huku joto limepasua rangi ya ghala. Shangazi Lucille anataka nyonga ya pili ingawa daktari anasema ile nyingine haina kasoro.

Nasikitika kwamba safari yako naona haitakufaa. Ni mbali, mabasi ya Novemba hayaaminiki, na Lyle ana kikohozi ambacho kinaweza kuambukiza hadi Krismasi. Tena sidhani kutakuwa na la kutazama, kwa sababu ya jambo lililotokea jana, ambalo nakuandikia kwa uaminifu kama nilivyoliona.

Sabrina aliamka. Akasikia mtu anakaanga mayai jikoni. Akashuka, akamkuta Grant amevaa aproni. Mzee Cornelius mezani, mzima, anasoma gazeti. Sabrina akasema, "Lakini mgodi? Lakini mashine?" Wote wakacheka. Yalikuwa ndoto, kuanzia ile karatasi ya friji. Hakuna aliyeondoka. Hakuna aliyekufa. Kila kitu kiko kama kilivyokuwa mwezi wa Februari.

Naona ni mwisho mzuri.

Lyle anakubali.

Dada yako,
Verna

*

Pelly Cove
6 Agosti 1988

Kwa Bi. Verna,

SISI TULIOWEKA SAHIHI HATUIKUBALI NDOTO.

Marehemu tulimzika. Jeneza lipo. Mama Pelagia amekaa siku arobaini bila nyama kwa ajili ya mtu yule, na anasema hawezi kuambiwa leo kwamba alikuwa anamfungia mzee anayesoma gazeti. Msimu huu tuko watu mia mbili na kumi na wanne, wafanyakazi wapya walisimuliwa tangu mwanzo zamu kwa zamu, na juzi mstari wa kukata vichwa vya samaki ulisimama dakika arobaini kwa hasira.

Tunaomba mzee abaki amekufa, Sabrina abaki kitini, Grant abaki mgodini mpaka tutakapoamua kwa kura.

(Sahihi 214. Mimi Einar nimeandika kwa niaba yao. Darlene hajaongeza neno, amesema ataandika mwenyewe samaki wakipungua.)

*

Jumanne, 16 Agosti. Asubuhi ukungu mzito, nyasi zimelowa mpaka saa nne.

Nimehesabu sahihi. Ni 214 kweli. Mtu mmoja ametia alama ya samaki badala ya jina.

Nimerudisha mgodi. Sabrina aliamka tena, ikawa ndoto ilikuwa yale mayai.

Nililala saa kumi alfajiri.

*

Pelly Cove
18 Septemba 1988

Dada Verna,

Salamu kutoka kwa wote, na ahsante kwa kumwua mzee mara ya pili. Msimu umekwisha, wageni wamepanda ndege, tumebaki tisa. Sasa nina nafasi ya kukaa na kalamu.

Dada, tarehe 6 Mei vitunguu vyetu vilikuja vimefungwa kwa gazeti la mji. Ukurasa ule ulisema waandishi wa michezo ya televisheni wamegoma nchi nzima tangu Machi, na kwamba "Jumba la Thornbury" lilisimama katikati ya Machi, halina sehemu mpya mpaka mgomo uishe. Nikausoma mezani. Kisha Einar akauliza, "Basi hizi anaandika nani?"

Nikasema, "Dada yangu."

Akafikiri. Akasema, "Basi mwambie yeye asigome."

Na hata bila gazeti, dada! Nani katika nchi hii hajui kwamba Mei ikiisha ni marudio ya sehemu za zamani mpaka majani yaanguke? Mtoto wa miaka minne anajua. Wewe, mtu wa mizani, ukaniletea sehemu kumi na mbili mpya katikati ya kiangazi. Lakini tangu vile vitunguu nilishajua kwamba hapo sebuleni hakuna televisheni. Na kama hakuna televisheni, nikajiuliza ni nani aliyeiondoa.

Halafu huyo Lyle wako. "Anaomba tafadhali." Dada, Lyle hajawahi kutamka neno "tafadhali" tangu nimjue. Siku ya harusi alimwambia mchungaji "fanya haraka."

Kwa hiyo nilipokuomba radhi mwezi wa Mei, nilishajua kwamba hayupo. Sikuomba radhi kwa kuwa nilikosea. Niliomba kwa kuwa nilisema, na kwa sababu ya kusema kwangu wewe ukaona heri kubeba kiwanda kizima cha magodoro peke yako kuliko kuniandikia mstari mmoja.

Yule aliyemwonya Sabrina ni mimi. Pelagia alijua kabla yangu.

Niandikie huo mstari mmoja. Ni huo tu. Nitakuja hata hivyo.

Mdogo wako,
Darlene

*

Harlan Junction
8 Oktoba 1988

Mdogo wangu Darlene,

Nakusalimu. Baridi ya kwanza imeua nyanya zangu. Shangazi Lucille hajambo.

Lyle aliondoka tarehe mosi Machi. Amekwenda Omaha kuimba besi na wanaume watatu wenye makoti ya mistari. Ulisema ataniacha, na ulisema itakuwa kwa upuuzi. Nilijaribu kutafuta namna ya kulieleza hili ili lisiwe upuuzi, na sikuipata. Unaweza kucheka. Mimi bado sijaweza.

Kuna jingine. Jumatatu imekuja kadi kutoka kwake, yenye picha ya tembo wa bustani ya wanyama. Wale wanaume wamepata besi mwingine, daktari wa meno, mwenye sauti ya chini zaidi. Lyle anauliza kama anaweza kurudi kabla ya msimu mpya wa michezo, na anasema televisheni ataileta.

Najua hapo kwenu mna desturi ya kupiga kura kuhusu Grant. Nisingependa kuwasumbua. Lakini ningependa kujua watu tisa wanaonaje.

Dada yako,
Verna

*

SIMU YA MAANDISHI, 19 OKTOBA 1988

SABA KWA MBILI ASIRUDI. WALE WAWILI WANATAKA ARUDI ILI TUONE ANAVYOFUKUZWA. NINACHEKA NA NINALIA. NAFIKA TAREHE 3 KWA BASI LA JIONI. DARLENE.

*

Alhamisi, 20 Oktoba. Asubuhi safi, anga la buluu tupu, umande umeganda.

Simu ya maandishi ya Darlene nimeipokea saa nne. Kadi ya Lyle nilishaijibu jana. Niliandika, "Dari bado ni fupi." Kisha nikaweka anwani na stempu, nikaitia sandukuni kabla sijabadili mawazo. Hata hivyo nimefurahi kuona kura.

Nililala saa saba usiku.

*

Ijumaa, 4 Novemba 1988. Asubuhi mawingu meupe, upepo hafifu wa kusini, hakuna theluji bado.

Darlene alifika jana jioni na sanduku la samoni lenye barafu, na goti linalolia kama bawaba. Amenenepa, mimi nimekonda. Alisimama sebuleni akatazama mashimo manne ya zulia bila kuvua koti.

"Hapo?"

"Hapo."

"Na yeye aliimba nini hasa?"

"Sijui. Sikuwahi kumsikia."

"Hata kidogo? Miaka kumi na tisa?"

"Bafuni. Alikuwa anaimba tangazo la dawa ya meno."

Darlene akaketi kwenye sanduku la samaki. "Na sasa amepokonywa nafasi na daktari wa meno," akasema. Hapo ndipo ilipoanza. Alicheka mpaka miwani ikaanguka, nami nikaanza kwa sababu yake, kisha nikaendelea kwa sababu yangu. Sina hakika ni wakati gani kilikuwa kicheko na wakati gani kilikuwa kingine. Tulitumia vitambaa sita vya mkononi, ambavyo nimevifua leo asubuhi.

Mchana Opal Dietz aliita kutoka upande wake wa ua. "Verna! Msimu mpya unaanza leo! Njooni mtazame kwangu, najua kwako haipo."

Nikamuuliza amejuaje.

"Jamani, tangu Machi! Kaka yangu alimwona Lyle Omaha anaimba kwenye ufunguzi wa duka la matairi. Mji mzima unajua."

"Mbona hamkusema?"

"Tungesemaje? Wewe ulipita kila siku na kofia yako, 'Lyle ni mzima,' tukasema, haya, ni mzima." Akafuta mikono kwenye aproni. "Mwenzangu, mimi nilioka bakuli la tambi wiki ileile. Sasa nikawa sijui. Mtu akifa unapeleka bakuli. Mtu akiondoka kwenda kuimba je? Nikaliweka kwenye friji la barafu. Limo mpaka leo."

"Lilete," akasema Darlene.

Likaletwa. Jina langu limeandikwa juu kwenye utepe, na tarehe: 6 Machi. Tuliliweka ovenini dakika tisini. Kufikia saa kumi na moja wanawake watano wengine walikuwa wamepita na mabakuli yao, mawili yakiwa na barafu mpaka katikati. Kila mmoja alinishika bega. Nikasema, "Ahsanteni, alikuwa mwimbaji."

Kwa Opal hatukwenda. Saa mbili kasoro dakika tano Darlene alivuta viti viwili mbele ya mashimo manne, akanifunika miguu kwa blanketi, akachukua daftari na kalamu, kwa sababu wale wanane wa Pelly Cove wanasubiri, na safari hii mwandishi wa barua atakuwa yeye. Ukutani hakuna kitu ila msumari mmoja. Kupitia dirishani tuliona mwanga wa televisheni ya Opal ukiwaka buluu, na wimbo wa akina Thornbury ukasikika kwa mbali.

"Haya," akasema Darlene. "Grant yuko wapi?"

Nikamwambia kwamba Grant amekumbuka yeye ni nani, ametoka mgodini, ametembea siku tatu, na sasa amesimama nje ya mlango wa Sabrina akiwa na ndara za Blaine. Sabrina yumo ndani. Amesikia hatua. Ameinuka, ameshika kitasa.

"Anafungua?"

Hayo ndiyo ninayoyakumbuka. Yaliyobaki Darlene ameyaandika pembeni ya ukurasa huu kwa mwandiko wake mbaya: kwamba hakupata jibu, kwamba alingoja akidhani ni matangazo, na kwamba nililala kwenye kiti saa mbili na dakika nne usiku.